Udongo Uliopungua Njukini

Shimo la kuchunguza udongo huchimbwa kwa namna moja karibu kila mahali. Urefu wake ni wa mtu aliyelala, upana wake ni wa mabega na nafasi kidogo ya kugeuka, na kina chake humfikia mtu mzima kifuani. Upande mmoja mfupi huachwa wima na laini, ukitazama jua, ili rangi za matabaka zionekane bila kivuli. Upande wa pili huchongwa ngazi ya kuteremkia. Nimewaeleza wakulima mambo haya mara nyingi, na kila mara nimeona macho yao yakienda mbali kidogo, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kuzika anajua mikono yangu imechora nini hewani.

Naishi Voi, lakini wazazi wangu waliteremka kutoka milimani, na udongo nilioujua kwanza ni ule mwekundu wa Taita, mzito, unaong'ang'ania jembe na kukaukia viatuni ukawa mawe. Kazi yangu ni kuusoma udongo na kuupa jina. Watu huniuliza jina la nini, udongo si udongo tu? Huwajibu kwamba ukijua ukoo wa mtu, unajua anakula nini na hali nini, anaoa wapi na haoi wapi. Udongo nao ni hivyo. Ukishajua jina lake, unajua utaulisha vipi na utakutendea nini ukiukosea.

Msimu mmoja wa mvua za masika nilitumwa Njukini, karibu na mpaka, kule ambako mteremko wa mlima mkubwa unaanza kuinuka. Swali lilikuwa moja: udongo wa pale uhesabiwe kuwa wa majivu ya volkeno, au la? Vitabu nilivyosomea chuoni viliandikwa kuhusu nchi za mbali zenye mvua nyingi na joto la wastani, ambako majivu yakianguka hulowa mwaka mzima na kugeuka udongo mweusi, mwepesi, wa ajabu kidogo. Wataalamu huuita andosoli, kutokana na maneno ya Kijapani yanayomaanisha udongo mweusi. Njukini imekaa katikati ya mambo hayo. Mgongoni ina mlima unaoshika mawingu, na mbele yake kuna nyika inayopeperusha vumbi. Majivu yalianguka, hilo halina ubishi. Lakini je, yalilowa vya kutosha, kwa muda wa kutosha, hata yakapata tabia ile? Jibu haliko kwenye ramani. Lazima uchimbe.

Shamba nililopewa lilikuwa la mzee mmoja na mkewe, watu wa milimani kama mimi, waliohamia Njukini ujana wao wakifuata maji na ardhi tambarare. Mzee alinitembeza mwenyewe. Alikuwa akikohoa, anasimama, anakohoa tena, kisha anaendelea kuniambia habari za maharagwe kana kwamba kikohozi kilikuwa cha mtu mwingine. Chini ya migomba, mahali palipo wazi, akachomeka kijiti.

"Chimbeni hapa," akasema.

Nikamweleza kwamba popote pasipowahi kuvurugwa panafaa, asijisumbue.

"Hapa ndipo," akarudia, akakisukuma kijiti kwa kisigino.

Niliporudi wiki iliyofuata na wachimbaji, nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akatuambia kutoka ng'ambo ya ua kwamba mzee amelazwa mjini Taveta, kifua kimembana, na mama ameenda kumpelekea uji. Ruhusa tulikuwa nayo, na kijiti kilikuwa palepale. Tukaanza kazi.

Wachimbaji wangu walikuwa wanaume wawili kutoka Mwanda, shemeji kwa shemeji, mmoja amemwoa dada wa mwenzake. Siku nzima walikuwa wakichokozana.

"Shemeji, chimba kama mtu aliyekula. Ama dada yangu siku hizi hakupikii?"

"Dada yako ananipikia kimanga mpaka nasahau mahari. Wewe ndiye unachimba kama unatafuta shilingi iliyoanguka."

Lakini kabla shimo halijafika magotini maneno yao yalipungua. Wa kwanza kunyamaza alikuwa yule mkubwa. Alisimama, akapiga mguu chini, akasikiliza. Akapiga tena.

"Madam," akaniita, "huku chini kuna nyumba?"

Nami nilikuwa nimeusikia. Ardhi ile ilikuwa na mlio. Ukitembea, mguu unarudisha sauti nzito ya chini kwa chini, kama mtu anayepita chumba cha pili. Nikawaeleza wasiogope: udongo wa majivu umejaa matundu madogo, mengi kuliko udongo wenyewe, ndiyo maana unalia hivyo. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikaona lakini kwamba tangu hapo walikanyaga taratibu.

Mambo mengine yaliwashangaza zaidi. Beleshi iliyojaa ilikuwa nyepesi mno. Yule mdogo aliitupa ya kwanza kwa nguvu aliyoizoea kwao, na udongo ukaruka ukapita rundo, ukatua kwenye migomba. Kisha ule ukimya. Aliye ndani ya shimo akiongea, mwenzake aliye juu hamsikii vizuri, ingawa walikuwa wanakaribiana kiasi cha kushikana mikono. Kuta zile laini zilimeza sauti. Ilibidi mtu ainue uso ndipo maneno yatoke nje.

Nikateremka na kisu changu. Juu palikuwa peusi kama masizi ya jikoni. Chini yake kahawia. Halafu, karibu na kiuno changu, nikakuta tena weusi, mstari mzima umepita ukutani kutoka pembe hadi pembe. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa muda mrefu. Huo ni uso wa ardhi ya zamani. Hapo zamani ndipo palipokuwa juu. Nyasi ziliota hapo, vidudu vilitembea hapo, mvua ilipiga hapo, kisha majivu yakaanguka yakafunika kila kitu, na maisha yakaanza upya ghorofa ya juu. Vijia vya mizizi iliyokufa bado vilikuwa wazi. Nilisimama miguu yangu ikiwa chini ya shamba la kale na kichwa changu juu ya shamba la leo.

Nikachukua donge. Mkononi lilionekana kavu. Nikalifinya kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasugua, na ghafla likalainika, likateleza kama sabuni, na maji yakatoka. Hiyo ndiyo tabia yenyewe. Maji yamejificha kwenye matundu yale, na udongo unayashika kimya mpaka uuvunje.

Nilikuwa bado ndani ya shimo niliposikia sauti ya mwanamke juu yangu.

"Nani amechimba kaburi la mume wangu?"

Nikainua kichwa. Mama alikuwa amesimama na flaski mkononi, leso begani, vumbi la safari miguuni. Hakuwa akipiga kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Shemeji wote wawili walivua kofia.

"Mama, si kaburi," nikasema nikipanda ngazi. "Ni shimo la kazi. Mzee mwenyewe alituonyesha mahali."

"Alionyesha." Akakitazama kijiti kilichokuwa kimelala juu ya rundo. "Na leo daktari ameniambia nisubiri tuone. Tuone nini? Narudi nyumbani nakuta hili."

Hapo nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Kwetu shimo la kimo kile halichimbwi na kuachwa wazi. Likichimbwa, lina mwenyewe. Lakini nilikuwa nimebakiza jambo moja tu la kumaliza, nikamwomba anivumilie, tena nikamkaribisha aone, kwa sababu nimejifunza kwamba mtu akiona kazi kwa macho yake hofu hupungua.

Kuna kipimo chepesi cha kuujua udongo wa majivu. Unaweka punje kidogo kwenye karatasi nyeupe iliyolowekwa dawa, unadondosha matone mawili ya maji ya chumvi fulani. Udongo wa kawaida haufanyi kitu, au unangoja sana. Udongo wa majivu huibadilisha karatasi rangi. Niliyaeleza hayo yote polepole, nikadondosha matone.

Karatasi ikawa nyekundu. Wekundu ulianza pembeni mwa punje, ukatambaa, ukaenea hadi ncha za karatasi huku tukitazama.

Mimi moyoni nilifurahi, maana jibu la swali langu lilikuwa pale, wazi kabisa. Nikatabasamu, nikainua uso, nikamwona mama ameweka mkono mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "lifukie. Lifukie sasa hivi, kabla sijaingia ndani."

Tulilifukia. Wale shemeji walifanya kazi kwa bidii na kwa heshima, na walifanya kama wanavyofanya kwao Mwanda. Milimani ukifukia shimo unatia udongo kiasi, unamwaga maji, unakanyaga, unatia tena, unamwaga, unakanyaga. Udongo mwekundu ukitendewa hivyo unashikana kama saruji, na bado unabaki mwingi wa kufanya tuta juu. Hata siku moja haujawahi kupungua. Kwa hiyo kila mtu wa milimani amekua akijua kwamba udongo wa kaburi lazima ubaki, na kwamba ukipungua, basi aliyezikwa si wa mwisho. Sijui kama kuna aliyewahi kuuona ukipungua. Ni kama zile ajali ambazo kila mtu amezisikia kwa mwenzake.

Waliteka maji kwenye mfereji, jerikeni baada ya jerikeni. Walimwaga, wakashikana mabega, wakakanyaga. Nami nilikuwa nimegeuka nikifunga sampuli zangu kwenye mifuko. Niliposikia kimya, nikatazama.

Rundo lilikuwa limekwisha. Walikuwa wamekwangua hadi nyasi. Na wao wawili walikuwa wamesimama ndani ya shimo, limewafika magotini, matope yakiwachuruzika miguuni, wakitazamana.

"Shemeji," mdogo akanong'ona, "umeuweka wapi mwingine?"

"Niuweke wapi? Mfukoni?"

Hakuna aliyecheka.

Mama alitoka jikoni. Akaja hadi ukingoni, akatazama shimo, akatazama mahali rundo lilipokuwa. Akaketi chini palepale, taratibu, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake msibani.

Yule mkubwa alijitolea kwenda kuchota udongo ukingoni mwa mfereji ajazie. Mama akamkatalia kwa mkono. Udongo wa kuazima haufungi shimo, alisema, unalionjesha tu.

Nikaketi karibu naye. Nikamweleza kama ninavyoeleza siku zote, kwa mfano. Nilimwambia afikirie unga wa ugali ukiwa mkavu kwenye sufuria, umejaa hadi juu, na jinsi ukitiwa maji na kusongwa unavyokuwa donge dogo pale chini. Unga haujaibiwa. Kilichotoka ni hewa. Udongo huu ni matundu matupu, ukiulowesha na kuukanyaga matundu yanavunjika, na kilichokuwa kingi kinakuwa kidogo. Ungekuwa wa kwetu milimani ungebaki. Huu si wa kwetu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Miaka yote hii hapa," nikamuuliza, "hamjawahi kuona kaburi likifukiwa?"

"Hapa?" Akanishangaa. "Watu wetu wote tumewapandisha juu. Mama yake, kaka zake, mtoto wetu mmoja. Hapa tunalima tu."

Hilo nalo nililijua. Mababu zetu waliweka mafuvu ya wazee wao mapangoni ili wasiwe mbali, na ingawa leo tunazika kwa sala na nyimbo za kanisani, mtu wa milimani bado hapendi kulala ugenini. Basi yule mama alikuwa amekaa juu ya udongo wa majivu ujana wake wote na utu uzima wake wote, akiwa na imani iliyozaliwa kwenye udongo mwekundu, na mambo haya mawili hayakuwahi kukutana mpaka nilipoyakutanisha mimi.

"Umenieleza vizuri," akasema hatimaye. "Nimeelewa umepungua kwa nini. Sasa nieleze kwa nini yeye alichomeka kijiti hapa."

Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka mlimani, migomba ikawa vivuli. Mama alikusanya mabua ya mahindi, akayatandaza juu ya bonde lile dogo lililobaki mpaka lisionekane, kwa sababu, alisema, akirudi asilione. Alisema "akirudi" kwa sauti kubwa kidogo, akiwa ameinama, kama anayeliambia shimo.

Katika wiki zilizofuata niliandika ripoti yangu. Udongo wa mteremko ule nikauita kwa jina lake. Nikaeleza kwamba unashika mbolea ya madukani na kuinyima mizizi, hivyo mkulima asiitawanye bali aiweke karibu na mbegu, na aongeze samadi. Kazi safi, na ilinipa raha. Lakini kila jioni niliwaza shimo lililofunikwa mabua, na kila simu ya namba nisiyoijua ilinishtua.

Simu ilipokuja ilikuwa ya mama. Mzee ametoka hospitali. Anataka kuniona.

Nilimkuta ameketi barazani, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Tulisalimiana, nikampa pole. Mama alileta chai. Mzee hakungoja ipoe.

"Shimo langu liko wapi?"

Mama akasimama na birika mkononi.

Tulienda wote watatu, yeye mbele na bakora yake, akipumzika kila baada ya hatua chache. Aliyasukuma mabua. Bonde lilikuwa limeshuka zaidi tangu nilipoondoka, na kingo zake zilikuwa zimenyooka bado, zina umbo lilelile. Akainama kwa shida, akachukua konzi ya udongo ukingoni, akaupima mkononi akiupandisha na kuushusha.

Nilianza kueleza. Matundu, maji, unga wa ugali. Akaniruhusu nimalize.

"Ule wa juu milimani unalemea," akasema. "Nimezika wengi. Ukimtupia mtu udongo ule unaanguka du, du, hata wewe uliye juu unahisi kifuani. Nilitaka tu kujua huu wa hapa unaangukaje."

Akafungua kiganja. Udongo ukaanguka ndani ya bonde. Tulisikiliza, na hatukusikia kitu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajichagulia," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nabeba uji kwenda Taveta, wewe ulishajichagulia."

"Kuuliza bei si kununua, mke wangu."

"Na milimani? Kina mama yako?"

"Milimani nimepanda vya kutosha. Wewe je, utapanda kila mara unitembelee? Kwa magoti hayo?"

Mama alimtazama vile wanavyotazamana watu waliolala kitanda kimoja miaka mingi. Nilitamani kuwa mahali pengine. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua, kama siku ile ya kwanza.

"Udongo huu ukifukiwa vizuri, utatosha?"

"Utatosha," nikamwambia. "Usimwagiwe maji. Usikanyagwe. Urudishwe taratibu."

"Na kama ni masika? Kama mvua inanyesha?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na nilifurahi kulijibu, hata pale. Nikamweleza kwamba udongo wa majivu ukikaushwa kabisa haurudii tena hali yake. Unageuka punje ngumu ndogo kama mchanga, na hata ukilowa tena hauvunjiki kwa urahisi. Mtu akitaka akiba ya kujazia, auanike juani mpaka ukauke kabisa, auweke mahali pasipovuja.

Nilisema hivyo kama ninavyomweleza mkulima yeyote.

Nilipopita tena Njukini, msimu wa kiangazi, mama alinikaribisha jikoni. Ukutani, kando ya magunia ya mahindi, palikuwa na magunia mengine, yameshonwa midomo vizuri, yamefungwa uzi mwekundu yasije yakachanganywa. Alinyanyua moja kwa mkono mmoja anionyeshe. Lilikuwa jepesi. Ni wa hapahapa shambani, akaniambia, si wa kuazima. Ameuanika mwenyewe.

"Mwambie asije akausonga ugali," mzee akaita kutoka nje.

"Nyamaza wewe. Wako huu."

Nikatoka kumsalimu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ukingoni mwa bonde, amenenepa kidogo, kikohozi kimepungua. Mkononi ana bakora yake. Alinyanyua kidole ninyamaze, akapiga ardhi mara moja, akainamisha sikio. Mlio ule mzito ukapita chini yetu, ukaenda.

"Umesikia?" akauliza.

Nikamwambia ni matundu.

"Ndiyo," akasema kwa upole, akainua bakora tena. "Lakini jana hayakukawia kunijibu hivi."